Tairi halivuliwi kwa hasira

Dada yangu mkubwa si mtu wa kupiga simu usiku. Basi aliponipigia usiku mmoja baada ya Isha, nilijua pana jambo. "Ndugu yangu," aliniambia, "mwanangu yuko huko Turkana, na nasikia mwenzake amepigwa na chuma cha gurudumu usoni. Wewe ni mwandishi, miguu yako haina pingu. Nenda ukaione kazi hiyo kwa macho yako, kisha uje uniambie kweli. Usinitungie shairi."

Maneno hayo ya mwisho yalinichoma kidogo, lakini niliyameza. Mpwa wangu huyu nilimjua tangu akikimbia pekupeku katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa. Alianza kazi kwa kuwa utingo wa malori, na huu ni mwaka wake wa nne akiendesha gari la kukodi baina ya Lodwar na Kakuma. Gari lenyewe ni Land Cruiser ya zamani, naye huwabeba mafundi wa visima, wauguzi na wapimaji wa ardhi, akiwafikisha mahali ambapo barabara huisha na njia ya ngamia huanza. Mwenzake aliyeumia alikuwa utingo wa lori. Pete ya chuma ilimruka alipokuwa akilijaza gurudumu upepo, na jicho lake moja halioni tena.

Ndugu msomaji, sisi watu wa Pwani tunakijua chombo cha baharini. Tunajua ngalawa ikivuja hutiwa kalafati kwa pamba na mafuta, na tanga likichanika hushonwa. Lakini gurudumu la gari tumelizoea kama mtu alivyozoea kisigino chake: hakitazami mpaka mwiba uingie. Nami nilikuwa katika hao. Nimepanda magari kwa zaidi ya miaka hamsini, na sikupata kujiuliza tairi huvuliwaje rimuni, wala huvalishwaje.

SAFARI YA BARA

Nilifunga safari. Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Kitale, na kutoka Kitale njia inapita Kapenguria, inateremka milima kupitia Marich, inafika Kainuk na Lokichar, ndipo unaingia Lodwar. Kitale hadi Lodwar ni kiasi cha kilomita 300. Barabara hiyo ilitiwa lami katika miaka ya themanini kwa msaada wa Norway. Mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na kwa miaka mingi baadaye lami iliendelea kuliwa na jua na mafuriko, hata madereva wakaiacha wakapita kandoni mwake juu ya mchanga. Siku hizi sehemu kubwa imejengwa upya, na lori hukimbia mahali ambapo zamani lilitambaa. Lakini mpwa wangu haishi juu ya lami. Riziki yake iko kushoto na kulia kwake.

Lodwar ni mji wa mchanga, minazi hakuna. Mto Turkwel unapita hapo, na kando yake kuna miti na kivuli, kisha ukitoka hatua chache ni jua tupu lenye kufikisha joto la nyuzi 35 na kuzidi. Hapa ndipo Mzee Jomo Kenyatta aliletwa mwaka 1959 alipotolewa gereza la Lokitaung, akazuiliwa mpaka 1961. Wakoloni walijua wanalofanya. Mtu akiwekwa hapa wakati ule, ukuta wake ulikuwa jangwa.

Nasi watu wa Pwani si wageni wa upande huo wa bara. Wakati Count Teleki na von Höhnel walipofika kwenye ziwa kubwa la huko mwezi wa Machi 1888, wakalipa jina la Rudolf, msafara wao ulikuwa umejaa wapagazi wa Pwani, na mshauri wao wa njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Ziwa hilo lilipewa jina la Turkana mwaka 1975. Na katika mwaka huohuo wa 1888, huko Belfast, mganga wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop aliandikisha tairi lake la upepo, ambalo chanzo chake kilikuwa ni kigari cha magurudumu matatu cha mwanawe. Baadaye ilikumbukwa kwamba Robert William Thomson, Mskoti, alikwisha kuandikisha jambo hilo mwaka 1845, na haki ya Dunlop ikafutwa. Hata hivyo jina la Dunlop ndilo lililoenea duniani.

Lakini tairi la Dunlop lilikuwa na ila moja. Liligandishwa rimuni kwa gundi. Likitoboka, kulibandua, kuliziba na kulirudisha ilikuwa kazi ya saa nyingi, kisha mtu angoje gundi ikauke. Ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, waliletewa baiskeli ya namna hiyo katika kiwanda chao wakaona adha yake, na mwaka 1891 wakatoa tairi linalovuliwa na kurudishwa. Mwaka huohuo Charles Terront akashinda nalo mashindano ya baiskeli ya Paris hadi Brest na kurudi. Kwa hivyo, ndugu msomaji, hii kazi ya kuvua na kuvalisha tairi nayo ina tarehe na wazee wake.

MZEE WA CHINI YA MGUNGA

Mpwa wangu alinipokea stesheni akanibusu mkono. "Mjomba," alisema, "mama amekutuma." Sikumficha. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Basi kesho nikupeleke kwa mwalimu wangu."

Mwalimu mwenyewe ni mzee wa Kiturkana, ambaye karakana yake ni mgunga mmoja, turubai moja na mashine ya upepo inayokohoa. Nilimwamkia, "Ejok," naye akanijibu kwa Kiswahili kizuri, kwani alikisomea juu ya malori. Wakati wa ule ukame wa mwaka 1980, alipokuwa kijana na mifugo ya baba yake imekwisha, alichukuliwa kuwa utingo wa lori la chakula cha msaada. "Ng'ombe walikufa," aliniambia, "lakini matairi yalikuwa yakitoboka kila siku. Nikaona hii ni kazi haifi."

Alinionyesha vyombo vyake: vyuma bapa vitatu vilivyopinda ncha, nyundo ya mpira, jeki ndefu, ndoo ya maji ya sabuni, kopo la poda, na kipimo cha upepo alichokifunga katika kitambaa kama mtu afungavyo saa ya babu yake. Kisha akamwita kijana wake mwanafunzi, wakalaza chini gurudumu la Land Cruiser, tairi la 7.50 kwa 16. Maana ya hesabu hiyo ni kwamba unene wa tairi ni inchi 7 na nusu, na rimu yake ni ya inchi 16.

"Kwanza upepo," alisema mzee. Kijana akafungua kiini cha valvu, na upepo ukatoka kwa mlio mrefu. Mlio ulipokoma mimi nikadhani wataanza. Mzee akainua kidole, akachukua kijiti, akakipitisha ndani ya valvu ahakikishe haikuzibwa na mchanga. Ndipo akaitikia kwa kichwa.

Pili ni kuubandua mdomo wa tairi. Mdomo huo una waya za chuma ndani yake, haunyooki hata chembe, nao kwa joto na kutu hushikana na rimu kama ukoko na sufuria. Kupiga kwa nyundo ni kujichosha. Mzee alilisukuma gurudumu chini ya bampa ya gari, akasimamisha jeki ndefu juu ya ubavu wa tairi karibu na rimu, akaipiga jeki mpaka ikalikuta bampa. Badala ya gari kuinuka, mdomo wa tairi ukashuka kwa kishindo kidogo. Asiye na jeki kama hiyo, aliniambia, hulipitisha gari jingine polepole juu ya ubavu wa tairi lililolazwa.

Tatu ndiyo siri yenyewe, na hapa nilimsumbua mzee kwa maswali. Ikiwa mdomo wa tairi haunyooki, na ukingo wa rimu ni mpana kuliko mdomo huo, tairi litatokaje? Mzee akapitisha kidole katikati ya rimu, nikaona kwamba ina bonde linaloizunguka. Upande mmoja wa mdomo ukisukumwa mpaka ukaingia bondeni, upande wa pili hupata nafasi ya kuruka ukingo. Nikamkumbuka dada yangu Idi akivaa bangili. Bangili haipanuki, na mkono ni mpana kuliko bangili, lakini yeye hupaka sabuni, akakunja dole gumba ndani ya kiganja, na bangili ikapita. Nilipomwambia mzee mfano huo alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ndiyo," alisema. "Asiyekunja kidole huvunja mkono."

Akaonya jambo jingine. Bonde la rimu aghalabu haliko katikati hasa. Liko karibu na upande mmoja, na upande huo ndio wa kuelekezwa juu. Ukikosea, utapigana na tairi mchana kutwa. Kisha maji ya sabuni yakapakwa, wala si mafuta ya gari wala petroli, kwani hivyo hula mpira. Kijana akasimama kwa magoti juu ya upande wa mbali mpaka mdomo ukazama bondeni, na karibu na valvu akaingiza vyuma viwili, akavuta kidogo, akahamia mbele kidogo, akavuta kidogo. Hakuna mahali alipotumia nguvu nyingi. Mdomo wa kwanza ukatoka, tyubu ikavutwa nje, mdomo wa pili ukafuata, na tairi likalala kando.

KULIVALISHA TENA

Kuna watu wanaodhani kazi imekwisha hapo. Mzee alichukua kitambaa, akakipitisha ndani ya tairi pande zote. Kitambaa kikanasa. Mwiba wa mathenge ulikuwa umepenya na kuvunjika, ncha yake imebaki ndani. Angetia tyubu mpya bila ya kupapasa, ingetoboka kabla ya kuvuka mto. "Kwa kitambaa," alimsisitiza mwanafunzi, "si kwa vidole. Vidole unavyo kumi tu."

Mathenge huo ni mti wa kigeni, uliopandwa katika nchi kame za Kenya katika miaka ya themanini ili kuzuia mchanga na kuwapa watu kuni. Umestawi kuliko ilivyotakiwa. Wenyeji wa Baringo walifungua kesi mwaka 2006, na hata mbuzi aliyeharibiwa meno na matunda yake alipelekwa mbele ya mahakama. Mafundi wa pancha peke yao, nilimtania mzee, ndio wasioulalamikia. Akajibu, "Mimi pia nina mbuzi."

Katika kurudisha, mambo huenda kinyume. Tairi linapakwa poda kwa ndani ili tyubu isishikane nalo. Tyubu hutiwa upepo kidogo, kiasi cha kuipa umbo tu, isije ikajikunja. Mdomo wa kwanza huteremka kwa urahisi. Valvu hupitishwa katika tundu lake. Mdomo wa pili huanziwa upande wa mbali na valvu na kumaliziwa kwenye valvu, na kabla ya kuvuta mara ya mwisho valvu husukumwa ndani kidogo, ili tyubu isibanwe chini ya mdomo. Kisha upepo hutiwa, ukatolewa wote, ukatiwa tena, ili tyubu ijinyooshe. Mwishoni mzee aliinama akautazama mstari mdogo ulioko ubavuni mwa tairi. Umbali wake na ukingo wa rimu ukiwa sawa pande zote, tairi limekaa. Ukipinda, vua, anza tena.

Nikakumbuka chuo cha Kurani. Mwalimu wetu hakuturuhusu kuunganisha herufi mpaka tuzijue moja moja, na mwenye kuruka alirudishwa mwanzo. Wakati ule niliiona ni adhabu.

PETE

Mchana ule lori liliingia, na hapo nikaona kile kilichomkosesha dada yangu usingizi. Rimu za malori mengi ya zamani, na hata za magari madogo ya jangwani, si kipande kimoja. Zina ubavu unaotoka, nao umezuiwa na pete ya chuma inayokaa katika mfereji wake. Madereva wa safari ndefu huzipenda, kwani hazihitaji kupigana na mdomo wa tairi: unaitoa pete, unautoa ubavu, tairi linateleza. Mtu mmoja mwenye nyundo na vyuma viwili anaweza kuitengeneza popote.

Lakini pete hiyo haikufungwa kwa nati. Inashikwa na mfereji wake na nguvu ya upepo wenyewe. Ikiwa haikukaa sawasawa, au mfereji una kutu, au ni pete ya rimu nyingine iliyolazimishwa, basi upepo unaojazwa ndio utakaoitupa. Tairi la lori hujazwa kiasi cha paundi 100 kwa kila inchi ya mraba. Chukua eneo dogo la inchi 4 kwa 4, kama kiganja cha mkono. Hapo peke yake pana msukumo wa paundi 1,600, yaani zaidi ya kilo 700, uzito wa magunia 8 ya mahindi. Na ubavu wa tairi una viganja vingi. Huko Marekani ajali hizi ziliwaua watu wengi hata serikali ikatoa sheria mwaka 1980, kwamba gurudumu la namna hii lisijazwe ila likiwa ndani ya tundu la chuma au kizuizi kingine, na mjazaji asimame mbali.

Dereva wa lori alikuwa na haraka. Magurudumu ya nyuma yalikuwa mawili mawili, na lililotoboka lilikuwa la ndani. Akamwambia kijana afungue nati. Mzee akasema, "Upepo kwanza. Yote mawili." Dereva akalalamika kwamba la nje ni zima, upepo wake wa nini kumwagwa? Mzee hakupandisha sauti. Alisema kwamba pete ya gurudumu la nje huwa imeegemea nati hizo, na hakuna ajuaye imepasuka au haikupasuka mpaka nati zilegee, na wakati huo kujua hakufai tena. Dereva akasema atakwenda kwa fundi mwingine. Mzee akasema, "Nenda salama." Dereva akazunguka lori lake mara mbili, kisha akaketi juu ya jiwe akangoja.

Upepo ulipotoka wote ndipo nati zikafunguliwa. Pete ikasuguliwa kutu kwa brashi ya waya, ikatazamwa kama ina ufa. Gurudumu lilipofungwa tena, mzee alilizungushia mnyororo mnene mara kadhaa kupitia matundu ya rimu, akalilaza pete ikitazama chini, akaunga mpira mrefu wa upepo, akatuondosha sote. Akatia upepo kidogo, akazima, akaenda kutazama pete kama imeingia mferejini pande zote, kisha akarudi mbali akaendelea. Mtu akikuta pete haijakaa, alituambia, asiigonge kwa nyundo hata siku moja ikiwa na upepo. Autoe upepo wote, aanze upya.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa sauti ya chini, "Na yule mwenzako?" Akajibu, "Mjomba, siku ile hapakuwa na mnyororo. Na alikuwa ameinama juu yake."

MIMI NA TYUBU

Siku ya tatu tulikwenda upande wa Kakuma. Baina ya Lodwar na Kakuma ni kiasi cha kilomita 120, lakini sisi tulikuwa na mafundi wawili na vipuri vya pampu ya kisima, na kijiji kilikuwa mbali na lami. Tulipoingia mchanga wa laga, yaani mto mkavu, mpwa wangu alisimama akapunguza upepo wa matairi yote manne. Tairi laini hujitandaza, likakanyaga eneo kubwa, likaelea badala ya kuzama, kama mguu wa ngamia. Mwingereza Ralph Bagnold na wenzake walitumia ujuzi huo katika jangwa la Libya miaka ya ishirini na thelathini, lakini ngamia walikuwa wameutangulia.

Akiba ya kwanza tuliitumia asubuhi. Saa nane mchana tairi la pili likatoboka, na hapo hapakuwa na budi ila kulivua palepale. Mpwa wangu akalaza ubao chini ya jeki, kwani mchanga humeza jeki, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akalegeza nati kabla ya kuinua gari. Kila kitu alikifanya kama mwalimu wake. Na mimi, niliyekwisha kujiona hodari kwa siku mbili za kutazama, nikasema, "Nipe mimi nimalizie."

Akanipa. Jua lilikuwa kali, mafundi walikuwa wakitazama saa, na kijijini watu walikuwa bila maji kwa siku nne. Nikapitisha chuma, nikavuta. Mdomo ukagoma. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, tazama upande wa pili, umetoka bondeni." Nikasikia lakini sikusikiliza. Nikaingiza chuma ndani zaidi, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na mdomo ukaruka. Nilisimama kama mtu aliyeshinda mieleka. Akatia upepo, na upepo ukatoka. Chuma changu kilikuwa kimeikata tyubu.

Hakunikemea. Alisema neno moja tu, "Tairi halivuliwi kwa hasira, mjomba, wala halivalishwi." Akaanza tena tangu upepo. Tyubu ikatolewa, ikasuguliwa kwa msasa, gundi ikapakwa. Nikanyoosha mkono na kiraka. Akanizuia. Gundi hungojwa ikauke ndipo kiraka hushika. Tukangoja. Mchungaji mmoja alipita na mbuzi wake, miguuni amevaa akala zilizokatwa katika tairi kuukuu, akatutazama bila ya kusema kitu. Sisi Pwani tuna makubadhi ya ngozi. Huko tairi lililokufa barabarani hufufuka likawa kiatu.

Tulifika kijijini magharibi. Wanawake walikuwa wameketi kando ya kisima na mitungi yao mitupu, wengine wametoka mbali tangu alfajiri kwa sababu waliambiwa pampu itatengenezwa siku ile. Giza liliingia, na mafundi hawakuweza kufungua bomba usiku. Wale wanawake walilala palepale mchangani, na watoto wao. Maji yalitoka asubuhi. Hakuna aliyenilaumu, kwani hakuna aliyejua, isipokuwa mimi na mpwa wangu. Nayaandika hapa ili wajue na wengine.

KAKUMA

Kakuma palikuwa mji mdogo kandoni mwa mto Tarach mpaka mwaka 1992, ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo utakuta hapo watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko, na kambi pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu wengi kuliko miji mingi tunayoijua. Nilipita katika vibanda vya mafundi wa tairi. Mmoja mwenye duka ni Msomali, mwanafunzi wake ni wa Sudan Kusini, na mteja ni Mturkana. Wakigombana juu ya bei wanagombana kwa Kiswahili. Nilisimama kusikiliza kwa furaha ambayo mwenye lugha hii ataielewa.

Na katika kibanda kimoja nikaona jambo lililonituliza roho: tundu la mabomba ya chuma chakavu, alilolichomelea fundi Mkongo, limesimama ukutani na gurudumu la lori ndani yake. Mwenye kibanda aliniambia alilitengenezesha baada ya kuona ajali. Vibanda viwili vya mbele yake havikuwa nalo, wala mnyororo.

Usiku wa kuagana mpwa wangu alisema, "Mjomba, nitungie kitu nikibandike ndani ya gari." Nilikumbuka agizo la dada yangu, lakini aliyekatazwa kutungiwa ni yeye. Nikaandika nyuma ya karatasi ya sigara ya dereva mmoja:

Usiharakishe kazi, pole pole ndio mwendo,
Itoe kwanza pumzi, ndipo uishike nyundo,
Pete haina ajizi, ikiruka kwa kishindo,
Chuma hakina upendo, hakimjui mzazi.

Nilirudi Mombasa. Dada yangu alinitilia kahawa, akaniacha ninywe, kisha akauliza, "Haya. Kweli yake?"

Nikamweleza yote, hata habari ya tyubu. Nilipofika kwenye bonde la rimu, alijitazama mkononi akaizungusha bangili yake bila ya kujua. Nikamwambia kwamba kazi ile ni ya hatari, na mwenye kusema si ya hatari amdanganyaye ni mama. Lakini mwanawe amefundishwa na mtu mwenye subira, na nimemwona akianza upya pale ambapo mimi nilikasirika. Na katika gari lake mna mnyororo.

Akauliza, "Na wenzake? Wote wanao?"

Nikasema, "La. Si wote."

Akanyamaza kitambo. Nilidhani ataniambia nimwite mtoto arudi nyumbani. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na pesa zilizofungwa katika pindo la leso.

"Mpelekee hizi," alisema. "Anunue mnyororo wa pili, awe na wa kuazima."